Bangili Ivaliwe Mkono Gani?

Lipo swali ambalo watu hulicheka linapotajwa, kisha waliolicheka huwa ndio wa kwanza kuligombania. Nalo ni hili: mwenye kuvaa bangili moja, au kikuku kimoja, akivae mkono wa kulia au wa kushoto? Wako wasemao kwa nguvu kwamba ni wa kulia, na mwenye kuvaa kushoto humwona kama aliyeidharau Sunna. Wako wasemao ni wa kushoto, kwa kuwa ndivyo walivyowaona mama zao wakivaa, na ndivyo ivaliwavyo saa. Na liko kundi la tatu lisemalo kwamba jambo hili halistahili hata dakika moja ya fikira za mtu mwenye akili.

Sisi twaona makundi yote matatu yamepungukiwa na kitu. La kwanza limegeuza jambo la hiari likawa la lazima. La pili limefanya mazoea kuwa hoja. La tatu limesahau kwamba katika vitu vidogo ndimo mwanadamu ajifunzamo kuchagua, na kwamba duara dogo la madini lililozunguka kifundo cha mkono laweza kumletea mtu madhara asiyoyatazamia. Kwa hivyo twawaomba wasomaji wetu watuvumilie, tulitazame jambo hili kwa taratibu: kwanza katika sheria, kisha katika ada, kisha katika mwili wenyewe. Hapo tutajua ni kipi kilichoachiwa hiari yetu, na hiari hiyo ina wajibu gani juu yetu.

Hukumu ya pambo lenyewe yajulikana. Dhahabu ni halali kwa wanawake, na kwa wanaume ni haramu. Hilo halina mjadala hapa, na maneno yetu mengi yatakuwa juu ya mama zetu, dada zetu na binti zetu. Ama kuhusu mkono, sheria haikumfunga mwanamke kwa mkono mmoja. Kilicho karibu zaidi na bangili, tukitaka kupima, ni pete. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alivaa pete yake mkono wa kulia, na imepokewa vile vile kwamba aliivaa mkono wa kushoto. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameeleza katika sharhe yake ya Sahihi Muslim kwamba mafakihi wameafikiana kuwa pete yafaa kuvaliwa kulia na yafaa kuvaliwa kushoto. Walilokhitilafiana ni mkono upi ulio bora. Imamu Malik alipendelea kushoto. Na kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ya Shafi, asema Nawawi, ni kwamba kulia ni bora, kwa kuwa pete ni pambo, na mkono wa kulia una heshima zaidi.

Basi na atazame mwenye kutazama. Mwanachuoni huyu aliyependelea kulia ndiye huyo huyo aliyetangulia kutwambia kwamba kushoto kwafaa, wala hakuna karaha. Hakuyachanganya mawili hayo. Neno “bora” lina mahali pake, na neno “lazima” lina mahali pake. Na nusu ya ugomvi wa barazani hutokana na mtu kulichukua la kwanza akalikalisha katika kiti cha la pili. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amesimulia kwamba Mtume alipenda kuanza na kulia katika kuvaa viatu, na kuchana nywele, na kujitwahirisha, na katika mambo yake. Hiyo ni adabu njema, nasi twaipenda na twaifundisha. Lakini kupenda kuanza na kulia hakumfanyi mwenye kuvaa kushoto kuwa mkosa, wala hakumpi jirani yake haki ya kumnyoshea kidole.

Tena liko jambo ambalo sheria imelisisitiza zaidi kuliko mkono, nalo ni kile kilicho chini ya pambo. Bukhari ametaja kwamba Ibn Sirin alikuwa akiosha mahali pa pete yake anapotawadha. Maana yake ni wazi: maji yafike kwenye ngozi. Bangili inayoteleza juu na chini haina taabu. Husogezwa, maji yakapita. Ile iliyoganda mkononi hata maji hayapiti, hiyo huharibu udhu wa mvaaji, ikiwa kulia au ikiwa kushoto. Tazameni basi: sisi twauliza “mkono gani?” na sheria yauliza “imebana?” Swali la sheria ndilo lenye manufaa zaidi, na tutaona kwamba ndilo swali la daktari vile vile.

Sasa tuje kwenye ada. Wasemao “kushoto, kama saa” na wajiulize saa ilifikaje kushoto. Saa za mkono za zamani zilitiwa ufunguo kila siku, na kidude cha kutilia ufunguo kwa desturi kiko upande wa kulia wa uso wa saa. Mtu aivaaye kushoto hukizungusha kwa vidole vya mkono wa kulia bila kuivua. Isitoshe, mkono wa kulia ndio ugongao, uchotao, ubebao na uandikao, na kioo cha saa hakipendi kugongwa. Karibu watu 9 katika kila 10 hutumia zaidi mkono wa kulia. Kwa hivyo saa nyingi ziko kushoto. Hiyo ndiyo asili yake. Ada hii ilizaliwa na manufaa, na mwenye kuifuata afuate manufaa yake, asifuate umbo lake tu. Mtu wa mashoto akivaa saa mkono wa kushoto kwa kuwaiga wenziwe, amelishika ganda la ada na kiini amekitupa.

Na katika miji yetu wako majirani ambao kwao mkono una maana kubwa. Masingasinga, ambao wengi wao walifika pwani hii katika kazi ya reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, huvaa bangili ya chuma waitayo kara. Hiyo ni moja katika alama tano za dini yao zilizowekwa mwaka 1699. Wengi huivaa mkono wa kulia, au mkono utendao kazi, ili imkumbushe mtu wajibu wake kabla mkono haujatenda. Kwao basi mahali pa bangili pana sababu, kwa kuwa bangili yenyewe ni alama ya dini. Kwetu sisi si hivyo. Bangili ya mwanamke wa Kiislamu ni pambo na ni mali. Si nguzo wala si alama. Mwenye kuligombania pambo kama kwamba ni alama ya imani, amelipa daraja ambayo dini yake mwenyewe haikulipa.

Ikiwa sheria imetuachia nafasi, na ada ni mtoto wa manufaa, basi kilichobaki ni kuutazama mkono.

Kifundo cha mkono ni mahali pembamba palipojaa vitu vya thamani. Upande wa dole gumba, karibu na ngozi, wapita mshipa wa damu ambao daktari huutia kidole kuhesabu mapigo ya moyo. Katikati, upande wa kiganja, wapita mshipa wa fahamu ndani ya njia nyembamba, na ukibanwa hapo dole gumba na vidole viifuatavyo huingia ganzi, hasa usiku. Wanawake waja wazito huipata hali hii mara nyingi kwa sababu ya mwili kujaa maji. Na juu ya mfupa wa upande wa dole gumba wapita mshipa mwingine wa fahamu ulio karibu mno na ngozi. Daktari Robert Wartenberg aliandika mwaka 1932 juu ya ganzi na maumivu yanayotokana na kudhurika kwa mshipa huo, na madaktari wajua kwamba mkanda wa saa au kikuku kinachobana ni katika sababu zake. Mwenye kuhisi mchomo nyuma ya dole gumba lake, kabla ya kununua dawa ya kuchua, na avue kwanza kile kilichombana.

Kisha tuutazame mkono katika kazi zake. Mwanamke avaaye bangili hakai siku zote katika shughuli ya harusi. Atakuna nazi, atatwanga, atakaanga, atafua, atashona. Katika kazi hizi mkono wa kazi ndio ulio karibu na moto, na mvuke, na mafuta. Na madini huchukua moto upesi, kisha huukalisha juu ya ngozi. Katika cherehani gurudumu liko upande wa kulia, na mkono uligeuzao, ukiwa umejaa bangili, huzikaribisha zinaswe. Sabuni na maji hukaa chini ya bangili iliyobana, ngozi ikalainika, ikawasha, ikachubuka. Bangili ya kioo nayo ina hatari yake peke yake: mtu akianguka hutanguliza mikono, na kioo kikivunjika huvunjikia pale pale ulipo ule mshipa wa damu tulioutaja.

Hata mali yenyewe huumia. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu katika sehemu 24, na kwa hivyo ni laini. Kila isuguapo sufuria na kinu na mwenziwe, hupoteza chembe. Chembe moja si kitu. Chembe za miaka 20 mizani ya sonara huzijua. Na wanawake wetu wengi hawana akiba nyingine iliyo mikononi mwao kuliko hiyo, wakipatwa na ugonjwa au ada za shule za watoto.

Kutokana na haya yote twatoa kauli yetu, nayo si fatwa, ni nasaha: bangili ya kila siku ikae mkono usiofanya kazi nyingi. Kwa walio wengi huo ni wa kushoto. Kwa mwenye mashoto ni wa kulia. Na alama ya kuujua si mkono wa kulia chakula, kwani mtoto mwenye mashoto hufundishwa kulia kwa mkono wa kuume kwa adabu ya dini. Alama ni mkono ushikao kisu na sindano pasipo kufikiri.

Tutaambiwa: “Na heshima ya mkono wa kulia?” Twajibu kwamba twaitambua heshima hiyo, na hatumkatazi anayeitaka fadhila hiyo kuvaa kulia, maadamu bangili haimdhuru. Lakini hebu tufikiri, heshima ya mkono wa kulia yatoka wapi? Haitoki katika kuvikwa. Yatoka katika kutenda: ndio utoao sadaka, ndio usalimiao, ndio ushikao kalamu na ulishao mtoto. Kuuacha mwepesi na huru kwa kazi zake si kuuvunjia heshima. Mtumishi mwema hatukuzwi kwa kufungwa mzigo. Na atakayesema kwamba kushoto ndio mkono wa kujitwahirishia chooni, tutamwambia maneno yake ni ya haki, na dawa yake ni nyepesi: bangili iliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu ivuliwe kabla ya kuingia chooni, ikiwa ilivaliwa mkono wowote, na isiyoandikwa kitu ioshwe kama uoshwavyo mkono.

Hata hivyo kauli yetu ina mipaka, na ambaye hajui mipaka ya nasaha huigeuza amri. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hufanyiwa njia ya damu katika mkono wake, na madaktari wakiweza huchagua mkono usio wa kazi. Mkono huo usivae bangili, wala saa, wala kitu chochote cha kubana, na hapo kushoto hugeuka kuwa ndiko kubaya. Mwanamke aliyepasuliwa titi kwa saratani na kutolewa tezi za kwapani, mkono wa upande huo waweza kuvimba hata baada ya miaka. Pambo lake na liende mkono mwingine, nalo liwe jepesi. Mwenye maradhi ya sukari ambaye ngozi yake imepungua hisia, na asitegemee maumivu kumwambia kwamba bangili imemchubua. Na atazame kwa macho. Katika hali hizi mwenye kushika neno “kushoto” bila kuishika sababu yake atajidhuru kwa nasaha njema.

Na bangili yenyewe ipimwe. Ile isiyofunguka hupita kwenye kiganja, na mahali papana pa kiganja ni penye shina la dole gumba. Bangili inayopita leo kwa sabuni na nguvu, kesho mkono ukivimba haitatoka. Ile ya kufungwa kwa kishikizo iache nafasi ya kidole kimoja kati yake na mkono. Na siku ya harusi, mikono yote miwili ikijazwa sawa kwa sawa, hakuna ubaya, kwani bibi harusi siku hiyo hana kazi ila kutazamwa.

Mpaka hapa tumesema juu ya mtu anayejichagulia. Limebaki jambo zito zaidi, nalo ni la mtu anayemchagulia mwingine.

Mtoto mchanga havai kwa hiari yake. Mama au bibi humfunga uzi mweusi au shanga mkononi, wengine kwa pambo, wengine kwa kuogopa jicho. Kuhusu itikadi ya kwamba uzi hukinga, wanazuoni wetu wamesema ya kutosha, na hapa hatuongezi. Tusemayo ni kwamba mkono wa mtoto hunenepa kila wiki, na uzi haunenepi. Uzi uliokuwa mlegevu mwezi wa kwanza, mwezi wa nne huzama katika mikunjo ya nyama asiuone mtu, na mtoto hana ulimi wa kusema isipokuwa kulia, na kilio chake twakidhania njaa. Shanga nazo zikikatika huishia kinywani, na kutoka kinywani hushuka kooni. Kilichofungwa kwa ajili ya kumlinda kikawa ndicho cha kumdhuru! Mwenye kumpenda mtoto wake na auache mkono wake mtupu, au avue pambo kila anapomwosha na kila anapomlaza.

Na tuchukue mfano wa bibi harusi aliyevikwa bangili na watu wa mumewe, akaambiwa asizivue maishani, kwani kuzivua ni nuksi. Kapata mimba, mikono ikajaa. Kamwagikiwa na maji ya moto, mkono ukaanza kuvimba. Kila aliyefundishwa kuwasaidia waliopatwa na ajali ajua kwamba mtu akiungua mkono, au akivunjika, au akiumwa na nyoka, pete na bangili huvuliwa mara moja kabla uvimbe haujapanda. Kwani mkono ukivimba na bangili isivimbe, bangili huwa kitanzi, damu ikashindwa kupita. Saa hiyo si ya kuuliza mama mkwe atasema nini. Ikiwa haitoki, ikatwe. Dhahabu iliyokatwa sonara huiunga. Mkono uliokufa hauna sonara.

Hapa ndipo tunapoona kwamba swali letu halikuwa dogo. Yule anayeona haya kukata bangili mbele ya mkono unaovimba hakuzuiliwa na dini, kwani katika kaida kubwa za fikihi ni kwamba madhara huondolewa. Wala hakuzuiliwa na akili. Amezuiliwa na mazoea ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza sababu, kwa kuwa yalionekana ni madogo mno. Mtu aliyezoea kuuliza “kwa nini?” juu ya bangili ikiwa nyumbani kumetulia, atajua la kufanya nyumba ikiwa na vilio. Na aliyelelewa kufuata tu, siku ya haja hatakuwa na cha kufuata.

Kwa hivyo twasema: mwili ni amana. Hatukujipa, na tutaulizwa juu yake. Jambo ambalo sheria imelifanya pana, tusilifanye jembamba kwa kulaumiana. Dada avaaye kulia kwa kutaka fadhila na dada avaaye kushoto kwa kutaka wepesi, wote wawili wako ndani ya nyumba moja, na salamu baina yao ni bora kuliko hoja. Lakini upana huo si ruhusa ya kughafilika. Avaaye na ajue kwa nini amevaa hapo alipovaa, na avae kitu awezacho kukivua mwenyewe. Na amvikaye mwingine, mtoto au mke au mkwe, na ajue kwamba amechukua dhamana ya mkono usiokuwa wake.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Yote miwili ina kazi, na yote miwili ina haki. Pambo lisiudhulumu hata mmoja. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.